Samadi ya Anastasia

Jumanne, 1 Machi 1938
Tuta la tatu limejaa nusu. Chini vigogo vya migomba vilivyokatwakatwa, juu yake majani makavu, kisha samadi, kisha udongo. Mgongo unauma. Tangu mke wangu Anastasia afariki Agosti, kazi yake hii naifanya mimi. Majirani wanacheka: mwanamume mzima kajitwika kikapu cha mavi ya ng'ombe. Wacheke. Mboga zangu za mnafu zikishastawi watakuja kuomba.

Jumatano, 2 Machi
Jumatano ya Majivu. Nilipotoka misa nimemwaga majivu ya jikoni juu ya samadi, kama alivyokuwa akifanya. Yeye alipima kwa viganja, huku akiimba. Miaka thelathini nilipita hapo nikienda kwenye kahawa yangu, sikusimama hata siku moja kumtazama. Mjinga mimi.

Jioni ujumbe kutoka Sanya Juu. Shemeji Aloisi, kaka yake Anastasia, anakuja Jumapili kumchukua ng'ombe wake. Sina raha.

Ijumaa, 4 Machi
Ng'ombe ni wa Aloisi, sikatai. Alimpa dada yake amfugie. Lakini akiondoka, samadi imekwisha, na matuta bila samadi ni udongo mtupu. Mwaka mmoja tu yatakuwa magugu. Hakuna kingine cha Anastasia kilicho hai hapa nyumbani. Simtoi! Nimeshapanga maneno yangu yote.

Nimefukua lundo la samadi. Ya juu bado mbichi, ina moto. Anastasia hakuigusa mpaka ipoe, isije ikaunguza miche. Nimeacha.

Jumapili, 6 Machi
Amekuja. Kwaresima au si Kwaresima, nimempa mbege, pombe yetu ya ndizi. Kijana wake anaoa, ng'ombe ni wa mahari. Nikasema yote niliyopanga: majani tuliyomlisha, miaka tuliyomtunza, marehemu. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema taratibu:

"Shemeji, maziwa na samadi vilikuwa vya dada. Ng'ombe ni wangu. Si wewe uliyeamua hivyo kesi ya jirani yako mwaka jana?"

Ni mimi. Mbele ya wazee wenzangu, tena kwa kujigamba. Jirani yule alilia, nikamwona mtoto.  Nimemfungua ng'ombe kamba kwa mkono wangu. Aibu ninayo, uchungu umezidi.

Jumatatu, 7 Machi
Sikufanya kitu.

Jumatano, 9 Machi
Asubuhi nimeshuka bondeni kukata majani. Mzigo mzima, nimeupandisha kichwani mpaka mlangoni. Nikasema, "Haya mama, chakula hiki," kama Anastasia alivyozoea kumwambia ng'ombe. Ndipo nikakumbuka.

 Kisha nimeyatandaza majani juu ya matuta, udongo usikauke. Samadi iliyobaki nimeifunika ipoe. Inatosha msimu mmoja.