Karatasi za Mapeasi

Magamba,
S.L.P. Lushoto.
Jumatatu, 3 Machi 1975

Mpendwa Baba mdogo Rubeni,

Shikamoo baba. Natumaini barua hii inakukuta umesimama sawasawa, na lile goti lililokusumbua siku ya mazishi limepoa. Mama mdogo Jenoveva hajambo? Nikodemo naye anaendeleaje na kazi huko reli? Huku baridi imetukalia na mvua bado. Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio hauko sawa, na nakusihi usome mpaka chini kabla hujakasirika.

Lile tenga la mapeasi nililokutumia wiki mbili zilizopita, karatasi zilizofungia matunda ziko wapi? Kama ziko jikoni, mwambie Mama mdogo asiwashie moto hata moja. Kama zimetupwa, tafadhali baba, chakura jalala. Sitanii.

Unajua marehemu kaka yako alivyokuwa hatupi kitu. Kila mwaka alileta nyumbani mitihani ya hesabu ya wanafunzi wake, karatasi zilizoandikwa upande mmoja, akazitia kwenye sanduku nyuma ya mlango. Msimu wa mapeasi ukifika tunafungia tunda moja moja lisichubuke njiani. Kazi hiyo ni yangu tangu utoto. Mwaka huu nikaona kujumlisha, kutoa, na makosa ya wino mwekundu, nikafunga matenga mawili. Sikugeuza upande wa pili.

Upande wa pili kulikuwa na kitabu cha saba.

Vile sita vya kwanza unavijua, ulivisoma mwenyewe ukakesha navyo. Msichana asiye na jina, maana zimwi la ukungu lilikula majina ya watu wote wa nchi yake, naye anapanda mlima na kaa la moto ndani ya chungu, rafiki yake kinyonga yuko mbele akimwonyesha njia. Miaka kumi na minne Baba aliandika habari hizo. Zilizunguka Magamba yote mpaka daftari zikalegea. Watu wakimkuta barabarani, anatembea kwa mwendo wake ule wa polepole, walimuuliza habari za msichana kabla ya kumuuliza habari za nyumbani.

Mama ndiye aliyesomewa kwanza siku zote, akipukuchua maharage. Lakini cha saba Baba alimficha. Alisema atamsomea kikiisha. Kikaisha, na Jumapili ile ile akaanguka. Baada ya mazishi Mama akasema kisifunguliwe mpaka arobaini, ukoo ukiwa umekusanyika. Kwa hiyo hakuna mtu aliyekisoma, baba. Hata mmoja.

Jana ndipo Mama aliponiambia kiko wapi, kumbe maficho aliyajua siku zote. Madukani hakukuwa na daftari, Baba akaandika nyuma ya mitihani, akakifunga kwa kamba ya mgomba na kukitumbukiza mle sandukuni Mama asikione. Hiyo kamba naikumbuka. Niliikata kwa kisu.

Hali ya Mama siyo ile uliyoiacha. Kifua kimembana, hospitali wamemrudisha nyumbani, wamesema tumtunze tu. Uji anakunywa vijiko viwili. Anahesabu siku kwa vidole kungoja Jumamosi, siku ya arobaini, na ameniambia akishasikia mwisho wake atapumzika. Nimemjibu ndiyo Mama. Nimesema uongo mbele ya mgonjwa, na naona aibu hata kumgeuzia shuka.

Tenga la pili nilitoa sadaka ya mavuno, likanadiwa pale nje ya kanisa. Leo tangu asubuhi nimepita nyumba kwa nyumba kwa wote walionunua. Kwa Paskalina nimeonyeshwa majivu. Kwa Kristofa mbuzi wamekula, na amecheka aliponiambia. Nikaketi kwenye kizingiti chake nikalia kama mtoto, mimi mwalimu wa watu wazima.

Umebaki wewe. Jumamosi uje na ulichonacho, hata vipande.

Jumanne asubuhi

Nimefungua tena bahasha, basi halijaondoka.

Jana alasiri nilikwenda kufundisha darasa la kisomo nikiwa sina akili. Mzee Bakari, jirani yetu yule wa bustani ya kabichi, akaninyooshea karatasi iliyokunjwa mara nne. Akasema, “Mwalimu, hapa nimekwama. Nina wiki mbili nasoma hii, mpaka mke wangu ameichoka.” Alikuwa amenunua mapeasi mnadani, akaitunza karatasi ya kujisomea. Kwake sikupita, sikujua kuwa Mwislamu naye alikuja mnada wa kanisa. Nikaona hesabu za kugawanya. Nikageuza. Mwandiko wa Baba, na chini kabisa neno Tamati.

Nilimshika mkono mzee wa watu tukaenda naye nyumbani mbio. Nilimweleza Mama kila kitu, nikapiga magoti. Alimwashiria Mzee Bakari asome, naye akasoma kwa kidole, silabi baada ya silabi. Kaa la moto limefika kileleni, zimwi linatapika majina, kila mtu anaokota lake na kwenda zake. Jina la msichana linatoka mwisho kabisa. Mzee Bakari alikuwa amekwama hapo hapo. “E,” akasema. “Es. Esta.”

Mama, kusikia jina lake mwenyewe, alicheka mpaka kikohozi kikamshika. Kisha alilia, nami nikalia, na Mzee Bakari akatoka nje kutazama kabichi zetu ambazo hatuna.

Alipotulia akauliza, “Na kinyonga je? Alifika?”

Karatasi haisemi. Unakumbuka kitabu cha sita kilimwacha ametumbukia mtoni. Mama hajauliza jambo jingine tangu jana. Asubuhi hii amekunywa uji bakuli zima, akasema hafi kabla hajajua.

Kama kinyonga yuko, baba, basi yuko jikoni kwako. Usingoje Jumamosi. Panda basi la kesho.

Wasalimie Mama mdogo na Nikodemo. Mzee Bakari anakusalimu sana. Mungu akulinde kwenye kona zote za barabara ya Soni.

Mwanao anayekupenda na kukungoja barabarani,
Yudith Hezekia