Malimbuko Yaliyotoka kwa Chakula Chako cha Mchana

Mpendwa binti yangu Nekesa,

Naomba barua hii ikupate ukiwa umeketi, na uwe umekula. Sisi huku Lanet tuko wazima. Baba yako anakusalimu. Bado analinda lile geti kule Milimani, na wiki hii yuko zamu ya mchana, kwa hivyo mgongo umepumzika kidogo. Ndugu yako Wafula anakusalimu, sauti imevunjika, akiniita nafikiri ni mgeni amebisha. Kukhu anakusalimu sana, anasema nimwambie mjukuu wake redio bado inaongea. Kuku wawili wameangua. Hata Mama Simiyu jirani anakusalimu, na huyo nitakueleza mbele.

Unajua mimi si mtu wa kuandika, shule niliachia darasa la nne. Lakini kwa simu wewe huniambia "niko sawa, mum" halafu unakata. Barua haikatwi.

Nakumbuka ulivyoifungua hiyo redio ya kukhu ukiwa darasa la tano. Uliitandaza yote juu ya gunia la maharagwe, kukhu akilia kama ameibiwa. Ukairudisha, skrubu moja ikakubakia mkononi, na redio ikaongea. Hiyo skrubu iko kwa kikombe mpaka leo.

Kwa hivyo ulipokuja na barua ya kile kiwanda cha unga huko Thika, yenye muhuri, kwamba wanakuchukua miezi mitatu upande wa stima, mimi sikushangaa. Uliniambia ni atachimenti, ni ya chuo. Nikaitikia tu. Lakini nilikuwa nimeona muhuri. Tena tukaenda sokoni kutafuta buti zenye chuma kwa vidole, tukakosa za kike, ukachukua za mwanaume ukajaza magazeti ndani. Ukatembea mbele yangu pale kwa vumbi, ukaniuliza, "Mum, naonekana fundi?" Mimi kichwani nilishamaliza: mtoto ameandikwa kazi. Nani huamka na giza, avae buti, apakwe unga mpaka kwa nyusi, na mwisho wa mwezi asipewe kitu?

Jumapili nikasimama kanisani nikawaambia. Na unajua kwetu mshahara wa kwanza hauliwi, unapelekwa mbele kama malimbuko. Mwezi ulipoisha nikakuuliza kwa simu malimbuko iko wapi. Ukasema, "Itakuja, mum." Nikakuuliza mara ya pili. Ikaja. Nikaiweka kwa bahasha nyeupe, nikaishika juu, wamama wakanisindikiza na wimbo. Nilicheza mpaka kitambaa kikaanguka.

Sasa, wiki mbili zimepita, nilienda chuoni kwenu kumalizia karo. Yule msichana wa dirishani akaangalia kompyuta, akasema, "Mathe, kuna ya atachimenti pia."

"Ya atachimenti si yeye ndiye analipwa?"

Watu kwa laini wakacheka. Yeye hakucheka. Alinieleza polepole kwamba ni mwanafunzi hulipia: bima, akiumia kazini, lile daftari mnaandika kazi ya kila siku, na safari ya mwalimu anayekuja kuwakagua. Nauli na chakula pia ni juu yenu. Kampuni zingine hutoa kitu kidogo, zingine hazitoi.

Nikamuuliza, "Kwa hivyo mtoto analipa ndio afanye kazi?"

"Analipa ndio afunzwe, mathe."

Nilitoka nikakaa kwa ngazi za chuo. Nilikuwa naiona ile bahasha nyeupe. Nikampigia binamu yangu Rosa, kwa sababu unalala kwake na yeye hajui kuficha. Akaniambia wenzako wakienda kula mchana wewe hubaki na mashine, unawaambia umeshiba chai. Kwamba Jumamosi unasuka watu nywele. Kwamba kuna saluni inataka kukuandika, na unafikiria kuacha kiwanda kabla mwalimu hajaja kukukagua, kwa sababu "mum anangojea mshahara."

Nekesa, hayo niliyafanya mimi. Ulinipa chakula chako ndio nisiaibike.

Jumapili ikafika, nikasimama tena. Nikasema, "Yale malimbuko niliyoleta hayakuwa mshahara. Mtoto wangu hajaandikwa. Yeye ndiye analipa ndio afunzwe, na ile pesa ilikuwa chakula chake cha mchana."

Hapo hapo Mama Simiyu, unaujua mdomo wake, akauliza, "Na lile friji ulituambia unanunua?"

Wakacheka. Hata mimi nikacheka, na machozi yananitoka. Halafu akasimama kabisa. "Sasa sisi ndio tumekula chakula cha mtoto wa mwenyewe. Mtakaa tu hapo?"

Sadaka ikishaingia haitoki, hiyo unajua. Lakini kufikia Jumanne mlangoni kwangu kulikuwa na unga, njugu za kukaanga, omena, viazi, na mchele wa Mama Simiyu, ule huwa anauficha mpaka Krismasi. Mzigo utafika kwa Rosa Ijumaa. Ubebe kwa mkebe, ule pamoja na wenzako.

Kuna lingine Rosa aliniambia, ambalo wewe ulininyima. Kwamba mota ya kinu ilizima, fundi mkubwa akakuachia uifungue wewe, na ikazunguka. Hilo natembea nalo. Nimemwambia mama wa mboga, nimemwambia kukhu mara tatu, anataka ya nne. Baba yako amewaambia walinzi wa ile barabara yote. Nilikuwa na fahari nikidhani unalipwa. Sasa ninayo zaidi, kwa sababu najua unaamka kila siku na hakuna mtu anakulipa.

Usiache kwa ajili yangu. Bahasha ziko dukani, siku ya malimbuko ya kweli nitanunua ingine, na kucheza sitakuwa nimesahau.

Nijibu upesi, kabla ya Jumapili. Usiniandikie "niko sawa." Niandikie mchana umekula nini, na kama umebaki kiwandani. Wananiuliza kanisani. Safari hii sijawaambia kitu, nangoja nisikie kutoka kwako kwanza.

Ni mimi mama yako.