Mwanamke Aliyepiga Magoti Kwenye Filamu

Jumapili. Baridi ya Julai imeingia hadi kwenye mifupa, vumbi la mji wetu wa Kamina limetua juu ya kila kitu, nami nimekaa jikoni karibu na mbabula, jiko letu la makaa, naandika nikiwa na hasira. Safari hii nimejikasirikia mwenyewe, jambo ambalo halinitokei mara nyingi.

Wanaosoma ukurasa huu wanajua ninavyozichukia filamu za hali halisi kuhusu vita vyetu. Nimeandika humu zaidi ya mara moja kwamba zote ni zilezile: mtoto mwenye kamasi, piano ya huzuni, sauti ya Kifaransa inayotueleza sisi ni nani. Nimeziita biashara ya machozi. Silifuti neno hilo.

Lakini jana niliona kitu ambacho bado nakigeuzageuza kichwani.

Ilikuwa saa nane mchana, katika ukumbi wa kanisa karibu na nyumba za watu wa reli. Akina mama walitundika mablanketi madirishani ili kuleta giza, jenereta ikawa inanguruma nje. Papa Serge, mtengenezaji wa filamu kutoka Lubumbashi, alileta kazi yake kuhusu watu waliowakimbia wanamgambo upande wa Malemba-Nkulu wakaishia hapa kwetu. Alitaka waliorekodiwa waione kabla haijapelekwa nje. Mimi sikualikwa. Nilikwenda kupigana.

Sikungoja sana. Kwenye filamu, mwanamke mzee anatoka kwenye kibanda cha turubai, anapiga magoti mbele ya kamera, anapiga makofi taratibu, na midomo yake inasema kitu. Hasikiki, kwa sababu juu yake anaongea msimulizi: watu hawa walikuwa na mashamba na mitumbwi, sasa wanapiga magoti kuomba chakula.

Nikasimama palepale. Nikasema kwamba mtu yeyote aliyelelewa na bibi wa Kiluba anajua huyo mama anafanya nini. Anamwamkia mgeni. Magoti chini, viganja vikigongana polepole: hiyo ni heshima, nanyi mmeigeuza kuwa njaa. Shemasi mmoja wa nyuma akaniambia, "Madame, acha filme imalizike kwanza, kisha njo uipige." Ukumbi ukacheka. Mimi sikucheka. Nilidai kipande chote kitolewe.

Papa Serge alisimamisha filamu. Si mtu mbaya, na hilo liliniudhi zaidi. Alikiri kwamba hajui Kiluba, na kwamba maneno ya msimulizi yaliandikwa Ulaya na mtu aliyeona picha tu. Akasema sawa, atakikata.

Nikakaa chini kama mtu aliyeshinda kesi.

Ndipo akainuka Mama Ngoie, yule anayeuza samaki wakavu wa Kinkondja sokoni. Alieleza bila haraka kwamba mwanamke huyo ni mama yake. Alifariki miezi michache baada ya kurekodiwa. Picha zao zote ziliungua pamoja na nyumba. Jumamosi ijayo familia inamaliza kilio, yaani matanga, na kwenye meza yenye kitambaa cheupe, pale watu wanapopita kumwamkia marehemu, hawana cha kuweka. Kisha akanigeukia.

"Madame, miye sikatai maneno yako. Lakini ukimutosha, ukimukata pale, mama atabakia wapi?"

Papa Serge aliahidi haraka kumpa picha ya karatasi hata kama kipande kitakatwa. Mama Ngoie alisema picha ataichukua, asante, lakini mama yake alikwisha kufukuzwa mara moja, asifukuzwe kwenye filamu pia.

Nikauliza swali. Mimi, ambaye nina jibu hata kwa maswali ambayo hayajaulizwa.

Niliuliza yule mama mzee anasema nini pale. Papa Serge akasema sauti ya asili bado iko kwenye kompyuta yake. Akaitafuta, akamwondoa msimulizi. Mtu akatoka kuisogeza jenereta mbali na mlango. Tukainama mbele sote.

Sauti ilikuwa ndogo, yenye kukwaruza kidogo. Wanaojua Kiluba vizuri walicheka kwanza, kisha wakatazamana. Kiluba changu ni cha mtoto aliyekulia nyumba za reli kwa Kiswahili, nilishika nusu tu. Mama Ngoie ndiye aliyemweleza Papa Serge.

"Mama haiko anaomba chakula. Iko anamuuliza mugeni kama alishakula."

Papa Serge alijifunika uso kwa viganja. Tuliirudia mara tatu, kwa sababu Mama Ngoie alitaka kuisikia sauti tena.

Wamekubaliana: kipande kinabaki, msimulizi ananyamaza, maneno ya mama yanaandikwa chini ya picha. Kila mtu alitoka ameridhika, nami nilipongezwa kwa kuanzisha jambo. Pongezi zile sikuzistahili. Msimulizi alimfunika yule mama kwa Kifaransa chake, mimi nikamfunika kwa kelele zangu, na kama ningeachiwa ningemtupa kabisa. Nilijua maana ya magoti, nikadhani nimemaliza. Midomo ilikuwa inacheza mbele yangu. Sikuwa na hamu ya kujua.

Sasa ninayo, na hainiachi. Alikuwa na chakula gani cha kumkaribisha mtu, ndani ya kile kibanda? Alitembea siku ngapi kufika huku? Nani alimfundisha kuuliza swali hilo kwa uso mtulivu namna ile?

Mlangoni Mama Ngoie alinishika mkono. Ananiomba Jumamosi niseme neno juu ya mama yake, mbele ya meza, kwa kuwa mimi ni mtu wa maneno.

Nilikubali. Nilipofika nyumbani ndipo nikagundua kwamba nimeandika kurasa ngapi sijui kuhusu wanawake kama yule, na huyu mmoja simjui hata jina.

Kesho asubuhi, kabla Mama Ngoie hajapanga samaki wake, nitakuwa mlangoni kwake kuuliza. Je, nitaweza kunyamaza hadi amalize?