Gari ya Sumeya haikufika gereji

Maggie, uko? Sumeya ametoka hapa kwangu saa hii.

Si unajua gari yao ni zile kampuni iliita zirudishwe, kwa sababu maji ya rejeta yanavuja na injini inachemka? Bwanake, Idarous, alisema aliipeleka gereji ya kampuni huko Ruiru wiki jana, ikakaa siku mbili, ikatengenezwa bure.

Leo Idarous ametoka nayo, Sumeya akaona maji chini pale inapolala. Akaenda hiyo gereji mwenyewe. Dada wa kaunta akaangalia namba ya gari mara mbili. "Mama, hii haijawahi kufika hapa."

Haijawahi kufika, Maggie!

Fundi akauliza, "Iko wapi sasa?"

"Bwanangu anapeleka watoto kwa nyanya yao huko Theta."

Fundi akaweka spana chini. "Mpigie asimame. Mara moja."

Sumeya akapiga, Idarous akasimama kando ya barabara. Walishuka tu, moshi ukajaa kwa boneti. Watoto wako sawa, alhamdulillahi.

Lakini Idarous alijua haijatengenezwa, na bado akawaweka ndani!

Sumeya alipomfikia akamuuliza zile siku mbili gari ilikuwa wapi. Idarous akamwangalia machoni, bila kupepesa. "Si nilikwambia? Gereji."