Benchi Lako Kwenye Veranda ya Mzungu

Kukhu wangu, nyanya yangu,

Juzi nilipanda tena Kitale kuiona ile nyumba. Sikuandamana na mtu. Tangu mume wangu afariki na watoto wahamie Nairobi, safari zangu za kutoka hapa Bungoma ni za mtu mmoja. Nimezoea, au tuseme nimezoea kuwaambia watu kwamba nimezoea. Nilivaa koti zito kwa sababu ya baridi yenu ile, nikanunua mahindi ya kuchoma pale stendi ya magari, nikayala peke yangu njia nzima nikitembea.

Nyumba ina kibao siku hizi. Serikali imeitangaza kuwa jengo la kihistoria, na pale langoni wameandika jina la mzungu aliyeijenga kwa herufi kubwa. Chini yake, kwa herufi ndogo, ni marufuku kubomoa, kuchora wala kubadilisha chochote. Nilicheka pale langoni hadi mlinzi akanitazama vibaya. Wewe uliyeibadilisha nyumba ile kila msimu wa mvua, kukhu, leo ungekuwa jela.

Unakumbuka ulivyokuwa ukinisimulia? Babu alikuwa mpishi wa mzungu, nawe ulikuwa ukija kila jioni kumngoja ili mrudi pamoja kwenye nyumba za wafanyakazi kule bondeni. Ulimngojea nyuma, kwenye mlango wa jikoni, umesimama na mtoto mgongoni, mvua inyeshe isinyeshe. Memsaabu, mke wa mzungu, alikuwa akipita kuelekea bustanini, anakusalimu vizuri, kisha anaendelea na maua yake. "Hakuwa mubaya," ulikuwa ukisema. "Ni vile tu hakuwai kufikiria ati bibi ya mpishi anaweza choka miguu."

Kisha wazungu wakaondoka, shamba likakatwa vipande, na nyumba kubwa ikagawiwa familia kadhaa, kila moja na chumba chake. Ninyi mlipata chumba cha kulia, kile chenye dirisha pana. Babu aliniambia kwamba siku ile wenzenu wote walikimbilia kutafuta kufuli. Wewe ulianza kubeba mawe. Zizi la mzungu lilikuwa limebomoka, ukayaokota mawe yake yaliyochongwa, ukayabeba kichwani moja moja, ukayapanga kwenye veranda ya mbele chini ya dirisha lenu, ukayashikanisha kwa udongo wa kichuguu. Babu akakuuliza unajenga nini. Ukamjibu, "Nimesimama nyuma ya hii nyumba miaka yote. Sasa nitakaa mbere, mulima unione." Babu alikuiga vizuri sana, na hiyo "mbere" yako hakuiacha.

Mimi nililelewa kwenye benchi lile. Mama aliponileta kwako ili aende kutafuta kazi, uliniketisha hapo kwanza kabla hata ya kunipa chai. Uliniita Mayi, mama, kwa sababu nilikuwa na jina la mama yako, na wageni walishangaa kusikia mwanamke mzima akimwambia mtoto "mama, futa makamasi". Jumamosi tulilipaka benchi udongo mwekundu mpya, tukalisugua kwa jiwe la mtoni mpaka likang'aa. "Sugua kama unaosha mutoto, Mayi, si kama unaua nyoka!" Jioni, baridi ilipoanza kushuka, mawe yalikuwa bado na joto la jua. Ulinibana kichwa katikati ya magoti yako ukinisuka, mimi nalia, wewe unachambua mboga za saga kwenye ungo ulio pembeni na bado unasalimia njia nzima. "Mulembe! Kuja ukae kidogo!" Kila mwanamke aliyepita na mzigo alikaa. Hata yule mama wa Kipokoti aliyeuza asali, ambaye hamkuelewana neno, alikaa, mkachekeana tu mpaka jua likazama. Kwako hakuna mtu aliyesimama.

Nakuambia haya yote kama kwamba umesahau. Ukweli ni kwamba sina mwingine wa kumwambia. Babu yuko nawe huko. Mama alikufuata. Majirani wa vile vyumba vingine wametawanyika, na wale niliokuwa nikisikia habari zao nimewazika mmoja baada ya mwingine. Watoto wangu wakinipigia simu na nikaanza na "benchi la kukhu," nasikia kabisa jinsi wanavyonivumilia.

Sasa sikia nilichofanya. Mwaka jana, kabla nyumba haijawekewa kibao, watu wanaoshughulikia majengo ya kale walimtafuta mtu aliyewahi kuishi pale, wakaniletea ujumbe hapa Bungoma. Kukhu, nilifurahi! Ilikuwa muda mrefu tangu mtu anitafute kwa jambo lolote. Nilisuka nywele upya. Nikawatembeza nyumba nzima nikiropoka: huu ukuta mwembamba ulijengwa na babu kutenganisha vitanda, hapa palikuwa na mafiga, tundu hili lilitobolewa ili moshi utoke. Kijana wao alinifuata na chaki, kila nilichogusa anakiwekea alama. Nilidhani ni alama ya kutunza. Nilijiona mtu wa maana sana.

Niliporudi siku ya pili nilikuta ukuta wa babu uko chini. Mafiga yameng'olewa, tundu limezibwa. Mkubwa wao, mtu mpole tu, akanieleza, "Tunairudisha vile ilikuwa, mama. Vitu za baadaye zinatoka." Za baadaye. Sisi tulioishi mle miaka mingi kumshinda mzungu, tulikuwa vitu vya baadaye. Kisha akasimama kwenye veranda, akaligonga benchi lako kwa vidole. "Na hii ni ya nani?"

Nilitazama ile chaki. Nikasema, "Hiyo ni ya mzungu."

Alikagua mawe, akaona ni sawa na ya nyumba, akaitikia kwa kichwa, akapita. Nami nilirudi Bungoma nikijisifu kwamba nimekuokolea benchi.

Basi juzi nilikwenda kulitembelea. Nilikuta binti mmoja akiwaongoza wanafunzi wa shule ya msingi. Alipofika kwenye veranda akawaambia, "Na hapa ndio memsaabu alikuwa anakaa jioni, anakunywa chai akiangalia Mlima Elgon. Alipenda hii benchi sana." Watoto wakaandika. Nilihisi kama nimepigwa kofi mbele ya watu, na aliyenipiga ni mimi mwenyewe. Memsaabu, kukhu! Nimechukua kiti ulichokijenga ili usisimame tena, nikampa yule aliyekuacha umesimama.

Wanafunzi walipoondoka nilikaa. Mawe yalikuwa na joto lile lile. Nilitaka nilie kidogo tu, lakini binti alirudi mbio. "Aki pole mama, hiyo haikaliwi. Si unaona ni ya historia?" Sikumlaumu. Aliyemfundisha historia hiyo ni mimi. Niliinuka, nikazunguka mpaka nyuma, kwenye mlango wa jikoni, nikasimama hapo muda mrefu. Hakuna aliyetoka kunichukua turudi nyumbani. Upweke ule sijawahi kuuonja, hata siku ya kumzika mume wangu.

Ndiyo maana barua hii sikuitia kwenye bahasha. Nimeiacha wazi, aisome binti yule, wasome watoto wale walioandika, na yule mkubwa mpole aisome kabisa. Benchi la veranda ya mbele si la mzungu wala la memsaabu. Lilijengwa na mke wa mpishi, kwa mawe ya zizi na udongo wa kichuguu, baada ya wenye nyumba kuondoka. Nilidanganya. Najua sasa wanaweza kuja na chaki yao, na nikifikiria hivyo usingizi unakimbia. Lakini ni afadhali libomolewe likiwa lako kuliko libaki miaka mia likiwa la mwingine.

Wakilibomoa, ninachoomba ni mawe tu. Nitatafuta lori, niyalete hapa upande wa Kibabii mlikolala wewe na babu, nikujengee kando ya kaburi, niwe na mahali pa kukaa nikija kukusemesha. Wakiliacha, basi waandike jina lako, na wamruhusu mama yeyote mwenye mzigo apumzike. Wiki ijayo narudi Kitale kuwaambia haya kwa mdomo wangu.

Wewe tulia huko ulipo, kukhu, kaa tu. Safari hii kusimama ni zamu yangu, na nitasimama mbele.

Mulembe.

Mjukuu wako,
Mayi