Benchi Moja kwa Watu Wawili

Section 58,
Nakuru.
16 Septemba 2025

Mpendwa Senge Jepkemei,

Kila nikianza kukuandikia, nasikia benchi ikiburutwa kwenye sakafu ya simiti. Nimeiandika kwanza ili inipishe nikusalimu vizuri. Hujambo, Senge? Goti lako limepoa? Wale wazee unaowatunza huko Perth bado wanakuita Jenny kwa sababu jina lako limewashinda? Mimi ni mzima. Nakula vizuri, na siku nyingi nalala.

Nyumbani Rongai ni kwema. Mahindi yamekomaa, Mama anangoja jua likaze ndipo avune. Yule ng'ombe mwekundu amezaa ndama dume na Mama bado amemnunia, maana alitaka jike.

Nimesikiliza ujumbe wako wa sauti. Unasema Mama amekueleza kwamba nilianguka dhambini na kijana wa kwaya, kwamba ushirika wetu wa wanafunzi umetuketisha nyuma, na kwamba nisione haya, kwa sababu hata wewe kanisa lilikuketisha nyuma ulipokuwa na mimba ya Kimeli. "Mimi nilikaa huko nyuma nikitafuna njugu, na hapa niko," ulisema, ukacheka. Asante, Senge. Najua si rahisi shangazi kumwambia binti wa kaka yake jambo kama hilo. Lakini wewe ulikuwa na mtu uliyempenda, na mpaka leo ndiye unayempikia. Yangu ni mengine.

Mwezi wa Juni, baada ya mazoezi ya kwaya, mpiga kinanda wetu alinifungia katika chumba cha vyombo vya muziki akanibaka. Naandika neno lenyewe. Nimeona kwamba nikilizunguka, watu huweka lao mahali pake.

Asubuhi yake Wariara, ninayeishi naye chumba kimoja, alinipeleka hospitalini. Alinizuia hata kuoga. "Nikasirikie baadaye," alisema, "saa hii vaa viatu." Walinipima, wakahifadhi nguo zangu, wakanipa dawa za kuzuia virusi na mimba, kisha wakanipeleka kwa mshauri anayeitwa Zeddy. Waliniuliza kama ningependa kwenda polisi. Nikasema nitafikiria.

Badala yake nilikwenda kwa ushirika. Hao ndio waliokuja Rongai kumzika Baba, ndio huleta uji mtu akiugua. Nilimweleza Nderitu, mwenyekiti wetu, kila kitu, tukiwa tumeketi kwenye ngazi za ukumbi. Alilia. Sidhani kama machozi yale yalikuwa ya uongo. Kamati ikakaa, ikafunga, ikaomba, kisha akarudi na jibu: sote wawili tungeacha kuhudumu na kuketi nyuma mpaka siku ya kurejeshwa.

"Dada Linah, hatumhukumu mtu. Nyote wawili tunawapenda."

Nikamwuliza mimi nimefanya nini.

"Ulikuwa na ndugu peke yenu, mlango umefungwa."

"Nani aliufunga?"

"Ndiyo maana tunaomba, dada."

Jumapili iliyofuata viti vya nyuma vilikuwa vimejaa wageni. Vijana wawili wakaiburuta benchi iliyokuwa ukutani wakaiweka nyuma ya watu wote. Benchi ilikuwa moja. Yeye alikaa mwisho mmoja, mimi mwisho mwingine, tukaimba, kila mmoja na kitabu chake, kama watu wengine.

Utauliza kwa nini nilikaa. Nilikaa kwa sababu karibu kila mtu niliyempenda chuoni alikuwa ndani ya ukumbi ule. Hawakunifukuza, Senge. Waliniletea chapati chumbani, walinikumbatia mlangoni, na yeye pia walimkumbatia, kwa mikono ile ile. Nilirudi Jumapili baada ya Jumapili. Nilianza hata kujiuliza kama kweli kuna kitu nilichokosea ambacho wao wanakiona na mimi sikioni.

Wariara hakunionea huruma. "Kwani hiyo ni fellowship ama ni detention? Mwizi na mwenye kuibiwa mnawekwa desk moja, na wewe unasema amina?"

Kwa Zeddy naenda kila wiki. Hanipi amri, na mwanzoni hilo liliniudhi. Nilitaka mtu aniambie la kufanya. Ni mara moja tu amenisemesha kwa ukali. Nilimwambia siku ya kurejeshwa imepangwa, kwamba kila mmoja wetu atasimama mbele aseme ametubu na amemsamehe mwenzake, halafu yeye arudi kwenye kinanda na mimi nirudi kwenye kwaya. Mwezi wa kumi kwaya ingezunguka shule za upili, za wasichana pia.

"Linah," alisema, "ukishatubu mbele ya ukumbi mzima, siku utakaposema alikulazimisha, nani atakusikia?"

Mimi nilikuwa nimeyaona yale kama maombi tu.

Mama alikuja Jumamosi kwa ajili ya ibada hiyo, na kitambaa chake cheupe cha akina mama wa kanisa kikiwa kimepigwa pasi. Tulipokuwa tukimenya viazi alisema, "Simama useme maneno mawili, ukae chini, yaishe. Watu husahau." Hakuwa mkali. Alikuwa amechoka kuulizwa habari zangu sokoni.

Jumapili asubuhi tulitoka pamoja. Tulipofika njia panda nikamwambia siendi ukumbini. Naenda kituo cha polisi, kwenye dawati la jinsia, Wariara ananingoja huko. Yeye anaweza kwenda ibadani au kuja nami.

"Unataka kuniaibisha, Linah?"

"Hapana, Mama. Nataka uje usikie."

Alisimama pale, Biblia kwapani, akiangalia upande wa ukumbi. Nikaanza kutembea. Baada ya muda nikasikia viatu vyake nyuma yangu. Hakuja kando yangu, alinifuata tu.

Askari alikuwa mwanamke. Alisema Mama anaweza kungoja nje, nikaomba abaki. Kisha nikasimulia tangu mwanzo, polepole, kwa sababu alikuwa akiandika. Senge, Mama hakuwa amewahi kusikia. Alikuwa ameambiwa tu kwamba tulianguka, na mimi nilikuwa nimemwacha na neno hilo. Nilipofika pale kwenye mlango na ufunguo, alikivua kitambaa chake akakikunja mapajani. Askari akaweka kalamu chini.

"Mama, uko sawa?"

"Si mimi unaniuliza," Mama alisema. "Andika."

Atakupigia simu wiki hii. Usimwambie kuhusu kusamehe, hiyo ameisikia vya kutosha. Mwulize habari za ndama. Akitaka kusema hayo mengine atayasema mwenyewe.

Nisalimie Kimeli na baba yake. Wariara, ambaye hujamwona, anakusalimu na anataka kujua kama huko Perth kuna ugali. Mungu akulinde kazini na njiani, aliponye goti lako, na akurudishe Rongai ukiwa na nguvu za kutucheka.

Jambo la mwisho. Jana nililikunja joho langu la kwaya nikampelekea Nderitu. Aliniuliza kwa nini sikufika, watu walikuwa wamengoja. Nilimwambia mambo yako polisi, na kwamba askari alipouliza nani mwingine nilimweleza wakati ule ule, nililitaja jina lake. Ataitwa aseme alichonisikia nikisema pale kwenye ngazi. Akasema, "Dada, ungeniuliza kwanza." Sikumwuliza. Tayari limeandikwa, na nimetia sahihi.

Mtoto wako anayekupenda,
Linah Jeruto