Kiapo Nilichowaapisha

Jumanne, 5 Agosti

Nimeamka saa kumi na moja. Zaburi mbili, sala, kisha shambani. Umande mwingi. Nimefikisha vikapu viwili tu katika kituo cha kununulia majani. Kibet hakuja kuchuma, siku ya tatu sasa. Tangu mashine zilipochukua kazi yake katika shamba kubwa la chai, mjukuu wangu huyu anashinda sokoni Kapsoit pamoja na vijana aliotahiriwa nao. Kiprono, mkubwa wao, huwanunulia chapati na maharagwe kila adhuhuri. Hadai chochote kwao. Hilo ndilo linalonitia hofu.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimepeleka viatu kwa Okoth, fundi, mwenzetu katika kwaya. Alitoka kando ya ziwa akiwa kijana na ameishi nasi tangu hapo. Aliniambia bila kuinua macho kutoka kwenye sindano yake: "Mzee, mjukuu wako siku hizi ni askari. Bado kofia tu." Alicheka. Sikucheka. Vijana hao wanapita vibandani wakidai ada ya ulinzi. Kibet husimama nyuma, kimya. Hajamgusa mtu. Kazi yake ni kuonekana.

Okoth amekataa kutoa.

Jumapili, 10 Agosti

Baada ya ibada nilimketisha Kibet, nikamwuliza kwa nini asiwaache watu hao. Aliniita Kugo, babu, kama kawaida yake, lakini jibu lake limenikata. "Kugo, si ni wewe ulituapisha?"

Ni kweli. Mimi ndiye niliyekuwa mwalimu wao wa jando. Nilidhamiria kuitakasa mila. Niliondoa pombe. Niliondoa nyimbo za matusi. Niliwaondoa hata wazee wa rika la juu, ambao zamani walikuwa na mamlaka ya kuwakaripia vijana na kuwafungua kutoka katika neno lililowafunga. Niliwaona kuwa watu wa giza. Mahali pao niliweka Biblia, na juu yake kila mvulana aliapa kwamba hatamkatalia jambo aliyetahiriwa pamoja naye, wala hatafichua kosa lake mbele ya watu. Nilijisifu kwa kazi ile. Kiprono hakuhitaji kubuni kitu. Aliikuta kamba imekwisha kusokotwa, na hakuna aliyebaki wa kuifungua ila mimi.



Jumatano, 13 Agosti

Leo nimeshindwa.

Nilikuwa nimepanga kumpeleka Kibet Londiani kwa shangazi yake, akalime viazi. Alikubali upesi mno. Alifunga mfuko huku akitazama langoni. Anaogopa kitu, hawezi kukisema.

Kabla hatujatoka, Kiprono alifika langoni na vijana wengine watatu. Alivua kofia, akanisalimu. "Chamgei, mwalimu. Tunamchukua mwenzetu kidogo tu." Nilimwambia kwamba mwenzao ana safari. Alitabasamu. "Aki mwalimu, kwani siku hizi kiapo nacho kina likizo?" Wale watatu wakaangua kicheko. Kibet hakucheka. Alinitazama mimi.

Ningeweza kusema: nimekufungua. Neno moja tu. Lakini waliosimama pale walikuwa wanafunzi wangu, nami niliona haya kukana mbele yao nilichowafundisha kwa jina la Mungu. Nilinyamaza. Kibet aliuweka mfuko chini, akawafuata.

Alhamisi, 14 Agosti

Okoth alipigwa jana alasiri, kibandani kwake, kwa nondo. Yuko hospitalini. Hasemi.

Mama anayeuza mboga karibu naye aliona yote. Kiprono alimkabidhi Kibet ile nondo, akamwambia aanze. Wengine walikunja mikono wakasubiri. Alikawia. Wakamwita mtoto wa nyanya yake, wakamwuliza kama anataka maziwa. Akapiga pigo moja. Ndipo wote wakamshukia Okoth. Mama huyo asema ndivyo wanavyomfanyia kila mpya: pigo la kwanza ni lake, ili asibaki na nyumba nyingine ya kurudi.

Sijala. Nimejaribu kuomba. Maneno yanaishia darini.

Jumamosi, 16 Agosti

Okoth amefariki alfajiri.

Kibet amekamatwa. Peke yake. Amekataa kuwataja wengine. Mama wa mboga anaogopa kuwaambia polisi. Nilikwenda kituo cha polisi nikawataja mimi, mmoja mmoja, kwa majina ya baba zao. Afisa aliniuliza kama nilikuwepo. Sikuwepo. Akafunga kitabu chake.

Kisha nilikwenda kwa mjane wa Okoth, nikamweleza habari ya kiapo na ya langoni. Alinisikiliza hadi mwisho. Akaniomba niondoke.

Jumapili, 17 Agosti

Sikwenda kanisani. Mara ya kwanza tangu nibatizwe.

Jumanne, 26 Agosti

Mvua tangu asubuhi. Nimeruhusiwa kumwona Kibet katika rumande. Nilisimama wima nikamwambia mbele za Mungu kwamba mimi niliyemfunga nimemfungua, na kwamba sasa awataje. Alisema, "Sawa, Kugo," kwa upole, kama mtu anavyomjibu mzee aliyeanza kusahau. Hakutaja jina lolote.

Nilimpa sweta, maana sakafu ile ni ya saruji. Akanionyesha aliyovaa. Mpya, ya sufu nzito. Wenzake wamemtumia, pamoja na sabuni na maandazi. Kila siku wanamtumia kitu.

Sweta yangu nimerudi nayo.